Kamba Zina Majina

Kitabu ninachotaka kukizungumzia si diwani. Ni kitabu cha picha, kilichotolewa Uingereza mwaka 2006 kwa jina la Sons of Sindbad: The Photographs, na picha zilizomo ni za mtu mmoja, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyezaliwa Melbourne mwaka 1903 na kufariki mwaka 1982. Nakala niliyo nayo niliazimwa na rafiki yangu kwa wiki mbili. Hajaiona tena. Namwomba radhi hapa hadharani, na akisoma makala haya atajua angalau kwamba kitabu chake hakikukaa bure.

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa uhakiki wa beti, vina na mizani. Leo nawaomba wanivumilie nihakiki picha za vyombo vya tanga. Sababu yangu ni moja. Hakuna kitu kilichopigwa picha zaidi katika mwambao wetu kuliko tanga, na hakuna kitu kilichoimbwa zaidi na washairi wetu kuliko chombo. Hata hivyo, mtu aweza kuzitazama picha hizo mwaka mzima, na kuzisoma tungo hizo mwaka wa pili, asijue chombo kinakwendaje wala ile raha isemwayo ya kusafiri kwa tanga inatoka wapi. Villiers alilijua jambo hilo, na ujuzi wake unaonekana kwenye picha. Tuangalie ameupata vipi, amekosea wapi, na sisi tunadaiwa nini.

Kwanza safari yenyewe. Villiers alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kati ya mwaka 1934 na 1936 katika meli yake ya matanga, Joseph Conrad. Mwaka 1938 alikwenda Aden kutafuta vyombo vya Waarabu, na mwezi wa Desemba mwaka huo alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Bumu ni jahazi kubwa lililochongoka mbele na nyuma. Walishuka na kaskazi: pwani ya Hadharamauti, ambako walipakia abiria zaidi ya mia moja, kisha pwani ya Wasomali, Lamu, Mombasa, Unguja, hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kusi ilipoanza wakarudi, na kufikia Juni 1939 walikuwa Kuwait. Kitabu cha safari hiyo, Sons of Sinbad, kilichapishwa mwaka 1940. Picha zake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich, na ndizo zilizokusanywa katika kitabu cha 2006.

Mimi ni mfasiri, na jicho la mfasiri halina adabu: hukimbilia kosa kabla ya sifa. Jina la chombo, Bayan, Villiers alilifasiri kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya Ushindi wa Haki. Ni jina zuri, lakini silo. Neno hilo sisi tunalo ndani ya lugha yetu, na mtoto wa skuli analitumia: bayana. Ni jambo lililo wazi, lililoelezwa likaeleweka. Nilipoliona kosa hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kila nilipofunua ukurasa niliona kwamba mikono iliyoshika kamera ilikuwa na bayana kuliko mikono iliyoshika kalamu.

Ili msomaji aelewe nisemalo, nitamlinganisha Villiers na wapiga picha wengine waliosifika kwa kazi hiyo. Kusini mwa Uingereza kuna kisiwa cha Wight, na katika mji wake wa Cowes ukoo wa Beken ulihamia mwaka 1888. Walikuwa wauza dawa. Mmoja wao, Frank Beken, alivutiwa na mashua za mashindano zilizokuwa zikipita mbele ya macho yake, akaanza kuzipiga picha, na mwanawe Keith akaifuata kazi hiyo. Kamera yao ilikuwa sanduku la mbao, zito, lenye kuhitaji mikono miwili. Kwa kuwa mikono yote ilikuwa na shughuli na mashua yao ikirushwa na mawimbi, kifyatulio cha kamera walikifanya kibofu cha mpira, wakakishika kwa meno, na picha ilipigwa kwa kung'ata.

Picha zao ni nzuri mno. Tanga limejaa upepo hadi likawa kama shavu la mpiga zumari, maji yamepasuliwa yakawa meupe, na mashua imelala ubavu hadi maji yanapanda sitahani. Lakini ziangalie tena. Mpiga picha yuko nje. Ana chombo chake na wanaosafiri wana chao. Anachokiona ni umbo, na umbo la chombo chenye tanga, likionwa kwa mbali, ni miongoni mwa maumbo mazuri yaliyofanywa na mkono wa mwanadamu. Raha anayotuletea ni raha ya mtazamaji. Nisieleweke vibaya: raha hiyo ni halali, nami ninayo kila jioni nikipita forodhani. Lakini siyo raha ya kusafiri.

Villiers yuko ndani. Hilo ndilo jambo la kwanza, na mengi yanatokana nalo. Mtu aliye ndani ya chombo hawezi kukiona chote. Hapati lile umbo. Anapata kipande: goshi la tanga limevutwa mbele, mguu wa baharia juu ya foromali, kamba tatu zinapita mbele ya uso wa mtu na kuukata. Mpiga picha mchanga angeona kwamba kamba hizo zimemharibia picha, na angesogea. Villiers hasogei. Anajua kwamba ndani ya jahazi hakuna mahali ambapo kamba haipiti mbele ya uso wa mtu.

Nitataja aina tatu za picha zake, kwani ndizo zilizonifunza.

Ya kwanza ni ile iliyopigwa kutoka juu, mpiga picha akiwa amekwea. Chini yake sitaha nzima imelala kama mkeka: watu, makasha, mitungi, boti ndogo, tanga la akiba lililokunjwa. Kando ya sitaha ni maji, na maji yanaonekana kuwa karibu sana. Kutoka nchi kavu jahazi huonekana kubwa na bahari huonekana pana, na moyo wa mtazamaji hutulia. Kutoka juu ya mlingoti mambo hugeuka. Chombo ni ubao mwembamba, na watu wote wale wamekabidhi roho zao kwa ubao huo. Washairi wetu wamesema mara nyingi kwamba dunia ni chombo na sisi ni abiria. Wengi wetu tumesema kwa kurithi, kama mtu aliyerithi saa isiyokwenda. Picha hii inaitia saa ile ufunguo.

Ya pili ni ya mabaharia wanapotweka tanga. Hapa inafaa nieleze kidogo, maana vijana wengi hawajaiona kazi hiyo ikifanywa katika chombo kikubwa. Tanga la chombo cha namna ile halisimami juu ya mlingoti. Linaning'inia katika foromali, na foromali ya jahazi kubwa si mti mmoja, bali ni miti kadhaa iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba, mirefu kuliko nyumba. Uzito huo wote hupandishwa kwa mikono ya watu. Halafu tanga hilo halina namna ya kupunguzwa likiwa juu, kama yafanyavyo matanga ya Wazungu. Upepo ukizidi, hushushwa, likafungwa jingine dogo, likatwekwa tena. Na chombo kikitaka kugeuka ili upepo uingie ubavu wa pili, foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti na tanga zima huzungushwa mbele yake, ilhali upepo unalipigapiga na kila aliye chini anajua kwamba kamba moja ikiponyoka kuna atakayeumia.

Villiers amelipiga picha jambo hili si mara moja. Anakuwa karibu nao kiasi kwamba twaona mishipa ya shingo. Hakuna anayeitazama kamera. Katika picha za watu hili ni jambo adimu, na haliji kwa kuomba, bali huja pale mpiga picha anapokuwa amekaa na watu hadi wakamsahau.

Ya tatu ni ya msukani. Mtu mmoja, usukani, na macho yaliyoinuliwa kidogo. Haitazami bahari, analitazama tanga. Nilikaa na picha ya namna hii muda mrefu kabla sijaelewa kwa nini inanivuta. Uso wa mtu yule umetulia lakini haujalala. Anasikiliza kwa macho. Kama kuna picha ya raha ya kusafiri kwa tanga, ndiyo hiyo, na wala hacheki. Raha yake ni kwamba kitu kikubwa kuliko yeye, yaani upepo, kinakwenda njia yake, naye kwa kugeuza mkono kidogo tu amekubaliana nacho. Anayeshika usukani hamshindi upepo. Huafikiana naye, na mapatano hayo huandikwa upya kila dakika. Mwenzangu katika utungaji atalijua jambo hili. Mizani tunaikuta, hatukuifanya sisi. Anayepigana nayo shairi lake hukakamaa, na anayejiachia tu shairi lake hupwelewa.

Nimefika kwenye neno raha, na hapa ndipo ninapotaka kumsimamisha Villiers nimuulize. Raha hiyo ni ya nani?

Villiers alisafiri kwa kupenda. Baharia wa Kuwait hakuwa hivyo. Kabla ya safari alichukua fedha kuiachia nyumba yake chakula, na mwisho wa safari faida iligawanywa kwa mafungu baada ya gharama kutolewa. Fungu lisipotosha, deni lilibaki. Baharia alidaiwa na nahodha, na nahodha naye mara nyingi alidaiwa na tajiri. Katika uzamiaji wa lulu, ambao Villiers aliushuhudia katika Ghuba mwaka huo huo wa 1939, hali ilikuwa mbaya zaidi. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hili, wala hakulificha. Lakini je, picha zinalisema? Picha ya mtu aliyekaa juu ya foromali, jua likiwa nyuma yake na bahari chini, haina mahali pa kuweka deni. Deni halipigiki picha. Msomaji wa kitabu cha 1940 alikuwa na maneno yanayomkumbusha. Mtazamaji wa picha peke yake hana, naye huondoka akidhani kwamba kila aliye juu pale yuko peponi.

Bora zaidi kwa ukweli, ingawa si kwa uzuri, ni picha za abiria. Watu wa Hadharamauti waliojazana sitahani, wazee, vijana, wanaokuja kwetu kutafuta riziki, wengine wakiwa babu zao hao tunaoswali nao hivi leo. Hawana kazi ya kufanya na tanga, kwa hiyo hawana raha nalo. Wanasubiri. Niliposogea kwenye picha hizo niliacha kuwa mhakiki, nikawa natafuta sura ninazozifahamu. Katika jamaa zetu hapa kisiwani ni nani asiye na mtu aliyefika kwa chombo cha namna hiyo? Na picha za Rufiji nazo zina ukweli huo. Watu wamesimama topeni wakibeba boriti zilizokuwa ziende kuezeka nyumba za Ghuba, nchi isiyo na miti. Boriti hizo hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu vya Mji Mkongwe, maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaolishikilia dari lake. Anayelala katika chumba chembamba cha nyumba ya zamani analala ndani ya kipimo cha mkoko.

Sasa nije nyumbani. Nenda duka lolote linalouza kadi za posta mjini Unguja au Lamu. Utakuta jahazi, jua linazama, tanga jeusi, maji ya dhahabu. Hakuna mtu. Kama yupo, ni doa. Picha ya namna hii imepigwa maelfu ya mara na itapigwa tena leo jioni. Silaumu wapigaji, kwani wageni wananunua na watoto wanakula. Nalaumu kitu kingine. Kadi ile imeingia katika mashairi yetu. Chombo cha tungo nyingi za siku hizi ni kivuli cheusi mbele ya jua. Hakina henza, hakina demani, hakina mtu anayetoa maji ngamani. Hata umbo la tanga si lenyewe. Tunalisema na kulichora kama pembe tatu, na hali tanga la jahazi lina pembe nne, maana mbele, kwenye goshi, limekatwa kwa ukingo mfupi. Ukingo huo ni mdogo, lakini fundi wa tanga anajua kwa nini upo, na mshairi asiyejua kwamba upo anaimba kitambaa.

Nisiwaseme wengine nikajiacha. Katika ujana wangu nilitunga shairi refu la tufani, na nilijisifu nalo. Ndani yake nahodha alipoona wingu alikunja nusu ya tanga. Nililisoma barazani mbele ya watu, wakapiga makofi. Alikuwapo mzee mmoja wa Malindi, baharia wa zamani, naye hakupiga. Watu walipotawanyika akaniita.

"Mwanangu," akasema, "hilo tanga ulilolikunja nusu, umelikunja vipi?"

Nikababaika. Nikasema, "Mzee, ni lugha ya ushairi."

"Tanga si shuka," akasema. "Upepo ukizidi tunatua, tunafunga dogo. Ukitaka kukunja, kunja nguo zako."

Mimi sikusoma shule za juu. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja iliyokatika jalada, na ushairi nilijifunza kwa kusikiliza. Mtu aliyejifunza peke yake ana kiburi cha namna yake, na kiburi hicho kiliniuma mwaka mzima. Lakini kitabu cha Villiers kilipofika mikononi mwangu, mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni yule mzee. Nilikuwa nimejaribu kuyafasiri maelezo ya picha kwa matumizi yangu mwenyewe, nikashindwa. Kiingereza kilinipa kamba, kamba, na kamba tena. Kina neno moja, dhow, kinalolitandaza juu ya vyombo vyote kama shuka juu ya wagonjwa wote, ilhali sisi tuna jahazi na mashua, betela na bedeni, sambuku na bagala, na mtepe wa kale ulioshonwa kwa kamba bila msumari, na dau letu wenyewe ni chombo kidogo tu. Nikaona kwamba aliye na maneno ninayoyataka ni yule aliyenicheka.

Nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umekuja kukunja tanga?" Nikamwekea kitabu mapajani.

Alikuwa na zaidi ya miaka themanini wakati huo. Mwaka 1939 alikuwa mtoto, na majahazi ya Ghuba aliyaona kwa macho yake yakiwa yamejaa bandarini. Alifunua kurasa polepole, akaanza kuweka kidole. Hii henza. Hii jarari, inapita katika kapi na kuivuta henza. Huyu kashika demani, na akiiachia mtaona. Hii ni joshi, upepo unatoka huku. Alipofika kwenye picha ya watu wanaotweka, akacheka kwa furaha. "Hapa wanaimba."

Nikamuuliza amejuaje, maana picha haina sauti.

"Huoni migongo? Yote imelala pamoja. Watu wasioimba hawavuti hivi."

Nilikuwa nimeandika katika daftari langu kwamba upungufu mkubwa wa picha hizi ni kukosa sauti, kwa sababu vyombo vile vilikuwa na waimbaji wao, na hakuna kazi nzito iliyofanywa bila wimbo. Ilinibidi nikifute kile nilichokiandika. Sauti imo. Imo katika migongo. Aliyekosa masikio ni mimi. Basi hapo nikaelewa kwa nini picha za Villiers zinazidi za wengi waliokuwa na kamera bora na mwanga bora. Yeye, aliyevuta kamba za meli tangu utotoni, alibofya pale migongo ilipolala pamoja. Hakuhitaji kufundishwa kwamba hiyo ndiyo nukta yenyewe. Huo ndio upigaji picha wa chombo: kujua kazi kwanza, halafu kungoja.

Lakini upungufu mmoja umebaki, na mzee hakuweza kuniondolea. Nahodha ana jina. Katika picha na katika maelezo, al-Najdi ni al-Najdi, na alistahili, maana alikuwa nahodha hodari. Aliishi hadi mwaka 1979, na bahari ndiyo iliyomchukua, akiwa amekwenda kuvua. Villiers aliwataja pia baadhi ya mabaharia wake. Ila tukifika pwani yetu majina yanakauka. Wapagazi, wakata boriti, watu wa Rufiji, wanawake waliopita mbele ya kamera, hao ni watu wa mahali fulani tu. Yeye alijiona kuwa anawahi kuandika mwisho wa zama za tanga, na mtu anayewahi mwisho huwa na haraka. Vita vilikuja, mashine zikaja baada ya vita, na kwa vyombo vikubwa vya Ghuba hakukosea. Ila kwetu tanga halikuisha kwa sababu ya kitabu. Mashua na ngalawa zinatoka kila alfajiri, na Lamu majahazi hushindana wakati wa Maulidi, na wanaoshindana hawafanyi maombolezo.

Kwa hiyo sitaki kumaliza kwa kilio cha mambo ya kale, kilio ambacho kurasa kama hizi zimekizoea kupita kiasi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Picha inaweza kuihifadhi kamba vizuri sana, miaka themanini na zaidi, kila uzi ukionekana. Haiwezi kulihifadhi jina la kamba. Jina hukaa mdomoni mwa mtu, na mtu akiondoka huondoka nalo, isipokuwa liwe limetiwa mahali. Mahali hapo kwetu pamekuwa daima ni ushairi. Mabingwa wetu wa zamani walipokisema chombo walikisema na vyombo vyake, na hadi leo tunajua baadhi ya maneno kwa sababu tu kina kilihitaji neno hilo. Sisi tumewaachia wapiga picha kazi hiyo, nao hawaiwezi.

Mzee amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Ninalo daftari la shule lenye kurasa sita za maneno aliyonitajia siku zile, na mengine kati yake siyakuti katika kamusi yoyote niliyo nayo. Lakini siku ya mwisho tuliyokaa pamoja, alifika kwenye picha moja iliyopigwa karibu na mlingoti. Kuna kamba nyembamba inayotoka kwenye ncha ya juu ya foromali na kushuka nyuma hadi ubavuni. Aliiwekea kidole. Akanyamaza. Akakitoa kidole, akakirudisha. Alinieleza kazi yake yote, ishikwe lini na ilegezwe lini, na akaniambia kwamba yeye mwenyewe alipata kuishika usiku kucha. Jina halikuja.

"Lilikuwapo," akasema. "Lina jina hili."

Nimeiacha nafasi wazi katika daftari. Kama kuna msomaji wa Tumbatu, au Pemba, au Mafia, au Lamu, aliye na mzee nyumbani, namwomba amchoree kamba hiyo mchangani na amuulize. Akinijibu nitalitia neno hilo katika shairi, na mara hii tanga sitalikunja.